Mgawanyo wa kazi ulikuwa uleule: kwa nini Ulaya ilishindwana na Urusi kuhusu chombo cha kwenda Mwezini, kisha ikaafikiana na Marekani?

#1 Mdadisi wa Tanga
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo katika historia ya vyombo vya kubeba wanaanga ambalo kila nikilisoma upya linanitatiza, nami ningependa kulisikia kutoka kwa wanaolifahamu zaidi.

Mwaka 2006 Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lilianza upembuzi wa pamoja na Urusi kuhusu chombo kipya kilichoitwa CSTS, ambacho kingeweza kuwafikisha watu wanne kwenye mzunguko wa Mwezi. Kufikia mwaka 2008 pande hizo zilikuwa zimeelewana kimsingi kwamba Urusi itengeneze kapsuli wanamokaa wanaanga, na Ulaya itengeneze sehemu ya huduma, yaani ile ya nyuma yenye injini, mafuta na umeme, kwa kutumia ujuzi uliotokana na ATV, chombo chake cha kupeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka haujaisha, mpango ukafa.

Miaka minne baadaye, Desemba 2012, ESA na NASA zikaafikiana kuhusu Orion, chombo cha Marekani cha kubeba wanaanga kwenda Mwezini. Marekani inatengeneza kapsuli, Ulaya inatengeneza sehemu ya huduma, ujuzi ni uleule wa ATV, na kazi inafanyika Bremen, Ujerumani, kulekule ambako ATV ziliunganishwa. Novemba 2022 chombo hicho kiliruka bila watu katika safari ya Artemis I, ya kwanza katika mpango wa Marekani wa kurudi Mwezini, na kuuzunguka Mwezi.

Ikiwa mgawanyo wa kazi ulikuwa uleule, kilichotofautiana ni nini? Mimi naona ni suala la nani mwenye kauli ya mwisho. Kwa Warusi kulikuwa na wakubwa wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa Wamarekani mkubwa alijulikana tangu mwanzo. Anayeona vinginevyo anipinge kwa hoja.

#2 Bahari Kuu
Ndugu yangu wa Tanga, unazunguka mbali ilhali jibu limekaa kwenye kalenda. Vita vya Georgia vilipiganwa Agosti 2008. Mawaziri wa nchi za ESA walikutana The Hague Novemba ya mwaka huohuo ili kugawa fedha. Ni waziri gani wa Ulaya ambaye, miezi mitatu tu baada ya vita, angerudi bungeni kwao akaomba mabilioni ya kujenga chombo pamoja na Moscow? Mpango uliuawa na siasa, wala si na mafahali.

#3 Mwalimu wa Fizikia
Bahari Kuu, kalenda yako imeanzia katikati. Ufa ulikuwapo kabla ya vita hivyo.

Mwanzoni Urusi ilikuwa na mpango wa Kliper, chombo kilichokusudiwa kutumika tena na tena, na Ulaya ilialikwa kushiriki. Desemba 2005 mawaziri wa ESA walikutana Berlin na wakakataa kutoa fedha. CSTS ya mwaka 2006 lilikuwa jaribio la pili, la kuanza upya mezani badala ya kuchangia chombo ambacho kilikuwa kimekwisha kuchorwa na upande mmoja. Kwa hiyo kusita kwa Ulaya kulitangulia vita kwa karibu miaka mitatu.

Kuna kanuni ya ESA ambayo watu wengi huisahau, nayo ndiyo inayoamua mambo mengi kuliko hotuba za wakubwa: nchi ikichangia fedha, viwanda vyake hurudishiwa kazi kwa kadiri ya mchango huo. Ujerumani ikitoa fungu kubwa, mikataba mikubwa huenda Ujerumani. Italia ikitoa, kazi huenda Turin. Sasa jiulize, katika chombo ambacho kapsuli, roketi na uwanja wa kurushia vyote viko Urusi, ni kazi gani ya kutosha iliyobaki ya kugawiwa nchi zote hizo? Warusi nao walikuwa na haja zao. Novemba 2007 walikuwa wameamua kujenga uwanja mpya wa Vostochny, na chombo chenye wanaanga kilikuwa miongoni mwa sababu za kuwapo kwa uwanja huo, kwa hiyo sidhani kama wangekubali kwa urahisi kirushwe kutoka Kourou, uwanja wa Ulaya ulioko Guiana ya Ufaransa.

Kuhusu The Hague, mawaziri hawakufunga mlango kabisa. Waliidhinisha upembuzi wa ARV, yaani namna ya kuifanya ATV iweze kurudi duniani na mizigo, na ambayo baadaye ingeweza kukuzwa ibebe watu. Isitoshe, Mei ya mwaka huohuo 2008, katika maonyesho ya anga ya Berlin, kampuni ya EADS Astrium ilikuwa imeonyesha mfano wa ATV ya kubeba wanaanga. Kwa maneno mengine, Wajerumani walikuwa tayari na ndoto yao wenyewe kabla ya risasi ya kwanza kule Georgia.

#4 Bahari Kuu
Mwalimu, nashukuru kwa darasa, ila hujanijibu. Kusita ni jambo moja na kuvunja ni jambo jingine. Walisita mwaka 2005 na bado wakarudi mezani mwaka 2006. Baada ya 2008 hawakurudi.

#5 Mhasibu Mstaafu
Mabibi na mabwana, mmekaa mnazungumzia mafahali na vita, lakini hakuna aliyeuliza swali la kwanza ambalo mhasibu yeyote angeuliza: nani alikuwa anamdai nani?

Ulaya ina deni la kila mwaka kwa NASA kwa sababu ya sehemu yake katika gharama za kuendesha Kituo cha Kimataifa cha Anga. Deni hilo halilipwi kwa fedha taslimu, hulipwa kwa kazi. ATV tano zilizorushwa kati ya mwaka 2008 na 2014, kuanzia ile iliyoitwa Jules Verne hadi ya mwisho iliyoitwa Georges Lemaître, ndizo zilizokuwa malipo. ATV ya tano ilipokuwa inakaribia kuondoka, deni lilikuwa bado linaendelea, na Bremen kulikuwa na mafundi ambao wangebaki bila kazi. Wakati huohuo NASA ilikuwa na kapsuli inayohitaji sehemu ya huduma na bajeti isiyotosha. Ulaya ikalipa deni lake kwa kutengeneza sehemu hiyo, na fedha zikabaki katika viwanda vyake.

Kwa Warusi hakukuwa na deni la namna hiyo. Kila yuro ya CSTS ingekuwa yuro mpya, inayoombwa kwa mawaziri katika mwaka ambao benki zilikuwa zinaanguka. Mimi sioni fumbo hapo.

#6 Mdadisi wa Tanga
Mhasibu, hoja yako ni nzito, lakini inaeleza kwa nini Ulaya iliingia, haielezi kwa nini kazi ilikamilika. Iko mikataba mingi yenye hesabu nzuri ambayo haikutoa hata bolti moja.

#7 Fundi wa Gati
Kwa kuwa bolti zimetajwa, naomba nami niingie.

Nimefanya kazi ya kukarabati meli Mombasa kwa muda mrefu. Wakati mmoja kampuni mbili zilipewa kazi katika meli moja: moja ilete bomba la maji ya bahari, nyingine ilete pampu. Kila kampuni ilikuwa na michoro yake iliyopigwa mihuri. Siku ya kufunga, flanji, yaani pete za maungio zenye matundu ya bolti, ziligusana vizuri kwa macho, bolti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia kwa kugongwa, ya tatu ikakataa kabisa. Matundu ya upande mmoja yalipangwa kwa inchi na ya upande wa pili kwa milimita. Tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiweka kidole huioni. Meli ilibaki gatini mpaka tulipochonga kwenye kereza kipande cha kati, upande mmoja kikiwa na matundu ya huyu na upande wa pili matundu ya yule.

Nasimulia haya kwa sababu ushirikiano wa kutengeneza chombo hauishi kwenye kikao cha mawaziri. Unaishi kwenye maungio. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Julai 1975, Apollo ya Marekani ilipoungana na Soyuz ya Kisovieti huku vita baridi vikiendelea. Ndani ya Apollo wanaanga walivuta oksijeni tupu kwa kanieneo ya takriban theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari. Ndani ya Soyuz kulikuwa na hewa ya kawaida, oksijeni na naitrojeni, kwa kanieneo kama ya hapa chini. Ukifungua mlango kati ya vyumba hivyo viwili na mtu akapita moja kwa moja kutoka Soyuz kuingia Apollo, naitrojeni iliyomo mwilini mwake hutoka kama povu, na anaweza kufa. Basi Wamarekani walitengeneza chumba cha kati ambamo hewa ilibadilishwa polepole, na Wasovieti wakakubali kushusha kanieneo ya Soyuz hadi kiasi cha theluthi mbili ili kungoja humo kusiwe kurefu.

Kilichonivutia zaidi ni kifaa chenyewe cha kuungania. Hawakukabidhiana michoro ya mashine nzima. Walikubaliana vipimo vya uso unaokutana tu: kipenyo cha pete, umbo na mwinamo wa zile bamba za kuongozea, mahali pa makulabu. Nyuma ya uso huo kila upande ulifanya utakavyo. Wamarekani walipunguza kishindo cha mgongano kwa vifaa vya majimaji. Wasovieti, chini ya mhandisi Vladimir Syromyatnikov, walitumia mitambo ya gia na umeme. Wala hakukuwa na upande wa kiume na wa kike. Yeyote angeweza kuwa mwenye kusogea na mwenzake akawa mwenye kupokea.

Kwa hiyo Mdadisi, mwaka 1975 palikuwa na mafahali wawili hasa, tena wenye makombora yaliyoelekezana, na bado waliungana. Jibu langu ni hili: kazi hufanikiwa pale maungio yanapokuwa machache na yamepimwa. Orion na sehemu yake ya huduma zina mpaka mmoja unaoeleweka. Kwa CSTS watu walikuwa bado wanabishana kapsuli iwe na umbo gani.

#8 Mdadisi wa Tanga
Fundi, nimesoma mara mbili. Hata hivyo, Apollo na Soyuz vilikuwa vyombo viwili vilivyokamilika, kila kimoja na mwenyewe, vikakutana kwa siku mbili. Kutengeneza chombo kimoja ni jambo jingine. Na huo mpaka mmoja wa Orion unaoeleweka, ni nani aliyeuchora?

#9 Fundi wa Gati
Waliuchora Wamarekani kwa sehemu kubwa, hilo sikatai. Mkataba wa kapsuli walipewa Lockheed Martin mwaka 2006, na Ulaya ilipokuja mwaka 2012 kapsuli ilikuwa imekwisha kuwa na umbo, kipenyo na uzito. Desemba 2014 kapsuli ya majaribio iliruka peke yake, bila sehemu ya huduma ya Ulaya. Lakini msidhani kwamba Ulaya ilipokea michoro na kuinakili. Mchoro wa awali wa Wamarekani ulikuwa na paneli mbili za sola za duara zinazofunguka kama feni. Ya Ulaya ina mabawa manne yaliyotanda kama herufi X.

#10 Dada wa Uholanzi
Hayo mabawa nayafahamu kidogo, kwa sababu naishi karibu na Leiden, ambako yanatengenezwa. Kila bawa lina urefu wa karibu mita saba na limegawanyika paneli tatu zinazokunjwa wakati wa kuruka. Yote manne kwa pamoja hutoa kilowati kumi na moja hivi. Kwenye ncha za mabawa kuna kamera, na ile picha ya Novemba 2022 inayoonyesha Orion yenyewe huku Dunia ikiwa nyuma yake ilipigwa kutoka huko. Siku ile nilikuwa kazini, na wenzangu wa hapa, ambao kwa kawaida hawazungumzii anga hata kidogo, walisimama kuitazama.

Naomba kusahihisha jambo moja ambalo mwenye uzi amelipitia haraka. Si sahihi kusema kwamba injini ni za Ulaya. Injini kubwa ya Artemis I ilikuwa ya Kimarekani, tena iliyokwisha kutumika: ilikuwa imeruka mara 19 katika vyombo vya Space Shuttle, kuanzia mwaka 1984 hadi 2002, ikasafishwa, ikapimwa, ikasafirishwa hadi Ulaya ili ifungwe, kisha ikarudi Florida ikiwa ndani ya sehemu ya huduma mwaka 2018. Nayo mifupa ya sehemu hiyo ilitengenezwa Turin, Italia, kabla ya kupelekwa Bremen.

#11 Bahari Kuu
Dada, kapsuli ya Marekani, roketi ya Marekani, na sasa injini kubwa nayo ya Marekani! Utusaidie basi, Ulaya imetengeneza nini zaidi ya mabawa? Fundi ajiandae kutuambia kwamba ni bolti.

#12 Dada wa Uholanzi
Imetengeneza sehemu inayobeba mengi yanayomfanya mwanaanga aendelee kuwa hai baada ya kuachana na roketi, ndugu yangu. Sehemu hiyo ina injini 33 kwa jumla: ile kubwa moja, nane za akiba zinazosaidia au kuchukua nafasi yake, na 24 ndogo za kugeuzia chombo. Hubeba zaidi ya tani nane za mafuta na kioksidishaji chake, na matangi ya maji ya kunywa, ya oksijeni na ya naitrojeni. Pia husukuma kimiminika cha kupoza kinachotoa joto ndani ya kapsuli na kulitupa angani kupitia bamba za pembeni. Bolti zimo pia, Fundi asikate tamaa.

#13 Mkereketwa wa Usawa
Nimesoma kimya hadi hapa, lakini naona mnasherehekea jambo ambalo mimi linaniumiza.

Chombo kinaporudi, kabla ya kuingia kwenye anga la Dunia, sehemu ya huduma huachanishwa na kuungua juu ya bahari. Kapsuli peke yake ndiyo inayotua. Kwa hiyo kila safari, kazi ya Bremen, Turin na Leiden huteketea, na kinachorudi kuchunguzwa ni cha Marekani. Artemis I iliporejea Desemba 2022, ngao ya joto ilikutwa imemeguka mahali pengi kuliko ilivyotarajiwa. NASA ilichunguza kwa karibu miaka miwili, na Desemba 2024 ikaeleza kwamba gesi ilinaswa ndani ya nyenzo inayoitwa Avcoat, ikaongeza kanieneo hadi nyenzo ikapasuka. Ujuzi mgumu kuliko wote katika safari ya Mwezini, wa kurudi kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde na kubaki hai, umebaki mikononi mwa mshirika mmoja. Ulaya haijajifunza kumrudisha mtu.

Tazameni na viti. Katika wanaanga wanne walioteuliwa Aprili 2023 kwa Artemis II, wako Wamarekani watatu, Reid Wiseman, Victor Glover na Christina Koch, na Mkanada mmoja, Jeremy Hansen. Canada imepata kiti hicho kwa ahadi ya mkono wa roboti wa Gateway, kituo kilichopangwa kuuzunguka Mwezi, ambacho hata hakimo katika safari hiyo. Japani imeahidiwa nafasi mbili za kutua Mwezini kwa gari lenye hewa la kutembelea. Ulaya, ambayo sehemu yake inawasukuma wote hao, iliahidiwa nafasi tatu za kufika Gateway, bila kutua. Huo ndio ushirikiano aliousifu mwenye uzi, ambao mkubwa anajulikana.

#14 Mdadisi wa Tanga
Mkereketwa, sikuusifu. Nilisema ulifanya kazi. Mambo hayo mawili ni tofauti.

#15 Mwalimu wa Fizikia
Mkereketwa, uchungu wako naukubali kuhusu ngao ya joto, na naongeza kwamba hiyo ndiyo sababu baadhi ya wahandisi wa Ulaya waliitaka ARV: walitaka wajifunze kurudi. Mpango huo uliachwa kando, na kazi ya Orion ndiyo iliyobaki. Lakini kipimo cha viti hakitoshi kuonyesha nani mwenye nguvu. Kabla ya Orion, NASA haikuwahi kuiachia Ulaya sehemu ya chombo chake chenyewe ambayo bila hiyo wanaanga wake hawawezi kwenda wala kurudi. Canada ikichelewesha mkono wa roboti, Orion bado itaruka. Bremen ikichelewa, hakuna safari.

Na Bremen ilichelewa. Sehemu ya kwanza ilifika Kituo cha Kennedy Novemba 2018, zaidi ya mwaka mmoja baada ya muda uliopangwa, na katika kipindi hicho taarifa za NASA zenyewe ziliitaja kuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa yanaisogeza mbele tarehe ya kuruka. Tena ndani ya Artemis I yenyewe, vifaa vya kudhibiti mkondo wa umeme katika sehemu ya huduma vilifunguka mara kadhaa bila kuamriwa, ingawa safari haikuathirika. Anayeweza kumkwamisha mwenzake kiasi hicho hawezi kuitwa mtumwa.

#16 Mkereketwa wa Usawa
Mwalimu, uwezo wa kumchelewesha mtu si sawa na haki ya kuamua naye.

#17 Mhasibu Mstaafu
Hapo Mkereketwa amegusa jambo ambalo lina tarakimu. Mwaka 2014 ESA ilitia saini na Airbus mkataba wa yuro milioni 390 kwa sehemu ya kwanza. Mwaka 2021 ikatia saini mkataba mwingine wa takriban yuro milioni 650 kwa ya nne, ya tano na ya sita. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza katika bajeti yake kwamba Orion isitishwe baada ya Artemis III, na Gateway ifutwe kabisa. Wakati huo ya nne, ya tano na ya sita zilikuwa katika hatua mbalimbali za kazi. Kama pendekezo hilo lingepita bila kuguswa, zingekwenda wapi? Haziwezi kufungwa kwenye kapsuli nyingine yoyote iliyopo. Julai Bunge la Marekani lilitenga fedha za kuendeleza safari za baadaye pamoja na Gateway, lakini hoja yangu ni kwamba uamuzi ulijadiliwa Washington, na Ulaya iliusoma magazetini kama sisi.

#18 Mtazama Mashariki
Swali lenu lote limejengwa juu ya dhana kwamba ushirikiano ni wa lazima. China inatengeneza kapsuli yake ya Mengzhou na chombo cha kutua cha Lanyue peke yake, ikilenga kuwafikisha watu Mwezini kabla ya mwaka 2030. Juni 2025 ilijaribu mfumo wa kuiokoa Mengzhou tokea ardhini, na Agosti ikajaribu kutua na kupaa kwa Lanyue. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inaizuia NASA kushirikiana moja kwa moja na China bila idhini maalumu, na sioni kwamba kuzuiwa huko kumewachelewesha. Asiyekuwa na mshirika hana vikao vya maungio.

#19 Fundi wa Gati
Maungio anayo, ndugu. Hata kampuni mbili za nchi moja hukutana kwenye flanji. Tofauti ni kwamba akiwa peke yake hahitaji mtu mwingine aweze kuungana naye siku ya dharura. Mwaka 2010 washirika wa Kituo cha Kimataifa walitangaza kipimo kimoja cha kuunganisha vyombo, ambacho yeyote duniani anaweza kukifuata, na asili yake ni ileile pete ya Syromyatnikov. Mimi ningependa kila kapsuli inayokwenda Mwezini iwe nayo, ya nchi yoyote ile.

#20 Mkaazi wa Sharjah
Nichangie kwa ufupi kutoka huku Ghuba. Katika Gateway, chumba cha kutokea nje angani kilizungumzwa kwanza na Warusi, baada ya tamko lao na NASA la mwaka 2017. Walipojitoa, nafasi ikabaki wazi, na Januari 2024 ikatangazwa kwamba Kituo cha Anga cha Mohammed bin Rashid cha Dubai ndicho kitakachokileta, na mwanaanga wa Emirati atapata kiti. Nchi ambayo haijawahi kutengeneza chombo cha kubeba watu ilipewa mlango ambao wanaanga wangepitia. Kwa hiyo naona Mhasibu anakaribia ukweli kuliko wengine: mwenye kulipa wakati mwafaka huingia.

#21 Wa Kigali
Rwanda ilitia saini Makubaliano ya Artemis Desemba 2022, siku moja na Nigeria. Je, saini hiyo inatupa kazi yoyote kwenye chombo?

#22 Mwalimu wa Fizikia
Hapana, wa Kigali. Yale ni makubaliano ya kanuni za mwenendo: kusaidiana wakati wa hatari, kutangaza matokeo ya utafiti, kutumia mifumo inayoweza kuungana. Kazi kwenye chombo hupatikana kwa mkataba mwingine kabisa.

Narudi kwa Bahari Kuu, maana sijammaliza. Kama vita vya Georgia ndivyo vilivyoua CSTS, mbona Oktoba 2011 roketi ya Soyuz iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, uwanja wa Ulaya, ikiwa imebeba setilaiti mbili za kwanza za Galileo, mfumo wa Ulaya wa kuonyesha mahali kama GPS? Mbona mwaka 2013 ESA na Urusi zilitia saini mpango wa ExoMars, wa kuchunguza sayari ya Mirihi?

#23 Bahari Kuu
Umenipa silaha mwenyewe, Mwalimu. Makubaliano ya Soyuz ya Kourou yalitiwa saini kabla ya vita, na jengo lilikuwa limeanza. Na ExoMars na Soyuz ya Kourou viliishaje? Viliisha mwaka 2022, ndani ya wiki chache baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine. Kigari cha Ulaya cha ExoMars, ambacho kilikuwa kimekamilika na kilipangwa kuruka mwaka huohuo, kikarudishwa ghala. Kama CSTS ingekuwa imejengwa, leo Ulaya ingekuwa na sehemu za huduma zisizo na kapsuli.

#24 Mdadisi wa Tanga
Na kwa hesabu za Mhasibu, ilikaribia kuwa nazo hivyohivyo kwa upande wa Washington.

#25 Bahari Kuu
Hilo silipingi. Ila pendekezo la bajeti hujadiliwa na linaweza kubadilishwa. Vita havibadilishwi na kamati ya bunge.

#26 Dada wa Uholanzi
Wakuu, kuna kitu kimoja bado hakijasemwa. Sheria za Marekani za kudhibiti teknolojia zinazoweza kutumika kijeshi hufanya kila mchoro unaovuka Atlantiki uhitaji kibali. Kuna mipaka ya kile ambacho mhandisi wa Bremen anaweza kuonyeshwa kuhusu kapsuli ambayo kazi yake itafungwa chini yake. Mdadisi ameuliza nani aliyeuchora mpaka. Mimi nadhani sheria hiyo ilichangia kuuchora, kwa sababu vitu visivyoweza kuonyeshwa vilibaki upande mmoja. Fundi anasema maungio machache ni busara ya uhandisi. Huenda pia ni matokeo ya wanasheria.

#27 Fundi wa Gati
Vyovyote yalivyopatikana, Dada, nayapenda yakiwa machache.

#28 Mhasibu Mstaafu
Mawaziri wa ESA walikutana tena Novemba 2025, na safari hii kikao kilikuwa Bremen kwenyewe. Mambo ya kutazama ni kama walitoa fedha za sehemu za huduma zaidi ya ile ya sita, na kama walitenga kiasi chochote cha maana kwa kapsuli yao wenyewe ya kurudi duniani, ile ambayo Mkereketwa anaililia. Atakayepata taarifa za fedha zilizoidhinishwa, si hotuba, aziweke hapa tuendelee.